Olenguruone haishindwi Juni, hushindwa Februari

Mwaka wa fedha wa kaunti hufungwa Juni 30, na wiki chache kabla ya siku hiyo ndipo madiwani kote nchini husikika wakilalama. Huyu anadai wadi yake imesahauliwa. Yule anataka safari za maafisa zipunguzwe. Mwingine anaapa kwamba bajeti haitapita hadi barabara ya kwao iingizwe kwenye orodha. Kwa diwani anayetoka upande wa Olenguruone, mji wa baridi na mvua ulio pembezoni mwa msitu wa Mau katika Kaunti ya Nakuru, lalama hiyo huwa fupi: pesa zinabaki mjini, sisi wa milimani tunapewa makombo.

Ni dai zito na lina chembe ya ukweli. Hata hivyo, ukiketi na kalamu utagundua kwamba ugomvi unaopigiwa kelele nyingi zaidi, ule wa jinsi ya kugawa fedha kati ya wadi na wadi, ndio wenye faida ndogo zaidi kwa watu wa Olenguruone. Ugomvi wenye faida hutokea miezi minne kabla, wakati hakuna kamera wala mkutano wa hadhara, na unahusu waraka ambao wapiga kura wengi hawajawahi kuusikia.

Hesabu ya wadi nne

Olenguruone iko Kuresoi Kusini, kaunti ndogo yenye wadi nne: Amalo, Keringet, Kiptagich na Tinet. Kaunti nzima ya Nakuru ina wadi 55. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 2,162,202 katika kaunti, na kati yao 155,324 walikuwa Kuresoi Kusini.

Sasa tuchukue mgao wa Nakuru kutoka kwa serikali kuu. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23, kaunti hiyo ilitengewa takriban shilingi bilioni 13, mgao wa pili kwa ukubwa baada ya Nairobi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Tukiweka kando ushuru wa ndani na misaada yenye masharti, asilimia 30 ya bilioni 13 ni shilingi bilioni 3.9.

Zipo kambi mbili kuhusu namna ya kuzigawa. Ya kwanza inasema kila wadi ipate sawa na jirani yake, kwa kuwa kila diwani alichaguliwa na kila wadi ina shida zake. Ya pili inasema pesa zifuate watu, kwa kuwa penye watu wengi ndipo penye wagonjwa wengi, watoto wengi na takataka nyingi. Kambi hizi zinaweza kukesha zikibishana.

Kwa kanuni ya kwanza, wadi nne za Kuresoi Kusini zingepata takriban milioni 284. Kwa kanuni ya pili zingepata takriban milioni 280. Tofauti yake, kwa wadi zote nne zikijumlishwa, haifiki milioni 4.

Kwingineko mambo ni tofauti. Naivasha, yenye wadi 8 na wakazi 355,383 katika sensa hiyo, ingepoteza zaidi ya milioni 70 iwapo fedha zingegawanywa sawa kwa kila wadi badala ya kufuata idadi ya watu. Subukia, yenye wadi 3 na wakazi 85,164, ingefaidika kwa karibu milioni 60. Kwa hiyo diwani wa Naivasha akipigania watu na wa Subukia akipigania usawa wa wadi, kila mmoja anajua anachokitafuta. Diwani wa upande wa Olenguruone anayejitosa katika vita hivyo anatumia risasi zake kuwalinda wengine.

Pengine atasema kuwa ukubwa wa eneo nao uhesabiwe. Huko nako hapati nafuu ya maana, kwa kuwa maeneo mapana zaidi ya Nakuru yako upande wa Naivasha na Gilgil, kwenye mbuga na mashamba makubwa, wala si kwenye miteremko ya Mau. Kigezo cha umaskini kinaweza kumsaidia kidogo. Lakini hakuna kanuni ya kugawa itakayoinua Kuresoi Kusini ikiwa kapu lenyewe linaletwa mezani likiwa nusu tupu.

Usawa una sababu yake

Tusiidharau hoja ya usawa, hasa katika Bonde la Ufa. Olenguruone ina kumbukumbu ndefu ya mipango iliyochorwa mahali pengine. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha makazi hapo mwaka 1941 kwa Wakikuyu waliokuwa wamefukuzwa sehemu nyingine, iliwawekea masharti ya namna ya kulima na kurithisha ardhi. Wakazi waliyakataa, na mwanahistoria Tabitha Kanogo ameeleza jinsi familia nzima, wanawake na watoto wakiwemo, zilivyokula kiapo cha umoja. Mgogoro ulimalizika kwa wao kung'olewa, mashamba yao kuharibiwa na wengi kupelekwa Yatta kufikia 1950. Miongo minne baadaye, katika ghasia za kikabila za mapema miaka ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, eneo hili pamoja na Molo na Kuresoi yote lilishuhudia nyumba zikichomwa na majirani wakikimbiana.

Mahali penye historia kama hiyo, mradi mmoja mkubwa unaojengwa upande mmoja wa bonde unaweza kusomwa kama ishara kwamba jamii fulani imependelewa. Kugawa sawa kwa kila wadi kunanyamazisha shaka hiyo. Hakuna anayehitaji kueleza kwa nini Tinet imepata na Keringet imekosa, kwa kuwa zote zimepata. Mwaka 2018 Nakuru yenyewe ilipitisha sheria ya kugawa mapato yake, ili fedha za maendeleo zifike kwenye wadi kwa utaratibu unaojulikana badala ya kutegemea nani ana usuhuba na ofisi ya gavana. Hiyo ilikuwa hatua njema.

Tatizo la usawa huanza pale fungu linapofika chini. Bilioni 3.9 zikigawanywa kwa wadi 55 ni kama milioni 71 kwa kila wadi, na hiyo ni kama kaunti haitajenga chochote cha pamoja wala kulipa deni lolote la nyuma. Ukweli ni kwamba hujenga na hudaiwa, kwa hiyo kinachobaki ni pungufu sana. Kilomita moja ya lami hugharimu makumi ya mamilioni. Diwani anajikuta hawezi kununua kitu kizima, basi ananunua vipande: madarasa mawili ya chekechea hapa, daraja la miguu pale, tangi la maji kwingine, na changarawe kwa kilomita chache kabla mvua ya Mau haijaisomba. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwenye bajeti ya wadi, haba ya mwaka huu huoza kabla haba ya mwaka ujao haijafika.

Viazi havijui mpaka wa wadi

Chukua zao linaloendesha maisha ya watu wengi wa huku. Mkulima wa viazi wa Kuresoi Kusini anafungasha magunia shambani, lori linapanda hadi linapoweza, kisha barabara inakataa. Mvua ikinyesha siku mbili, dalali anapunguza bei kwa kisingizio cha matope, na mkulima anakubali kwa kuwa viazi havimsubiri. Kanuni za viazi za 2019 zinazotaka gunia lisizidi kilo 50 zilikusudiwa kumlinda mkulima huyo dhidi ya magunia yaliyofura juu, na kaunti ndizo zilizotarajiwa kuzisimamia. Lakini mkulima ambaye lori moja tu ndilo limefanikiwa kumfikia hana nguvu ya kumwambia mwenye lori ni kilo ngapi. Barabara mbovu humnyang'anya hata haki ambayo sheria imempa.

Barabara hiyo huanzia kwenye wadi moja, hupitia ya pili na kuishia ya tatu. Fungu la kila wadi, likitumika peke yake, litatengeneza kipande chake kwa wakati wake, kwa mwanakandarasi wake, na pengine kwa upana wake. Lori haliwezi kupita kwenye kipande. Iwapo wadi nne za Kuresoi Kusini zingeweka pamoja sehemu ya mafungu yao kwa miaka miwili na kukubaliana ni njia gani ya mazao ianze, zingenunua kitu ambacho hakuna moja inayoweza kukinunua peke yake. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji madiwani wanne wakubali kwamba mmoja wao atakata utepe kabla ya wengine.

Kuna jambo la ushuru pia. Mazao yanapotoka shambani kwenda sokoni hutozwa ushuru wa kaunti njiani. Zamani za mabaraza ya wilaya, sheria ya kilimo ilitaka asilimia 80 ya ushuru wa mazao itumike kutengeneza barabara. Mabaraza mengi hayakuiheshimu kikamilifu, lakini kanuni yenyewe ilikuwa na busara: anayetoa ushuru kwa sababu ya barabara aone barabara. Leo fedha hizo huingia kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti pamoja na ada za leseni, maegesho na kodi za viwanja, na zikishaingia hazina rangi. Diwani wa eneo la viazi, chai na maziwa mwenye hoja ya kupeleka kwenye kamati ya bajeti angeanza hapo. Aombe takwimu za ushuru wa mazao uliokusanywa kutoka Kuresoi Kusini, kisha aulize ni kiasi gani kilirudi kwa barabara za Kuresoi Kusini. Swali hilo lina uzito kuliko hotuba kumi za kutengwa.

Aonavyo mpiga kura, isemavyo sheria

Mpiga kura humpima diwani kwa kipimo cha zamani. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, madiwani wa mabaraza ya miji na wilaya walikaa kwenye kamati zilizoamua zabuni na ajira, ingawa mabaraza yenyewe yalikuwa dhaifu. Sheria ya 1969 ilikuwa imeyapokonya mabaraza ya wilaya elimu ya msingi, afya na barabara, na kuyaacha yakitegemea ada za soko. Ni hadi 1999 ndipo ulipoundwa mfuko wa kuyapelekea mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato, na wakazi wakaanza kuitwa kusema wanataka nini.

Katiba ya 2010 ilirudisha afya, barabara za kaunti, kilimo, maji na chekechea mikononi mwa kaunti, lakini ikabadilisha kazi ya diwani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza kushiriki, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, katika kazi za utawala wa kaunti au utoaji wa huduma. Kazi yake ni kuwakilisha, kutunga sheria na kuchunguza. Hatii sahihi hundi wala hachagui mwanakandarasi. Hata hivyo akipita sokoni anaulizwa, mheshimiwa, umetufanyia nini?

Hapo ndipo basari zinapopata utamu wake wa kisiasa. Basari humfikia mzazi kwa jina, nayo haihitaji greda wala mhandisi. Lakini shule za sekondari na vyuo vikuu si jukumu la kaunti kikatiba, na Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti Margaret Nyakang'o aliziandikia kaunti kuzitaka zisitishe basari hadi ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu. Zogo lilizuka na suala likafika mahakamani. Kwa mzazi aliyesubiri karo, agizo lile lilikuwa ukatili. Ila lilifichua jambo ambalo madiwani hawapendi kulisema: shilingi ya kaunti inayolipa karo ya sekondari ni shilingi iliyotoka kwenye zahanati, chekechea na barabara, ambazo hakuna serikali nyingine itakayozilipia.

Asilimia moja

Tuseme diwani ameyajua yote haya na anasimama Juni kudai bajeti ibadilishwe. Atabadilisha kiasi gani? Sheria inasema bunge la kaunti likiongeza fedha mahali, sharti lipunguze mahali pengine. Kanuni za 2015 zikaongeza kikwazo: mabadiliko ya bunge, ya kuongeza au ya kupunguza, yasizidi asilimia 1 ya kiwango cha juu cha fungu la idara. Idara yenye bilioni 1 inaweza kuguswa kwa milioni 10 tu. Hicho ndicho kiwango kizima cha vita vya Juni.

Viwango hivyo vya juu huwekwa kwenye waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti, ambao lazima uwasilishwe bungeni kufikia Februari 28, na bunge lina siku 14 kuupitia. Hapo ndipo inapoamuliwa afya ipate ngapi, barabara ngapi, kilimo ngapi, ofisi ya gavana ngapi na bunge lenyewe ngapi. Kabla ya hapo kuna mpango wa maendeleo wa mwaka, unaowasilishwa kufikia Septemba 1. Mradi usiokuwa kwenye mpango wa Septemba, ulio chini ya idara iliyonyimwa nafasi Februari, ukidaiwa Juni unadaiwa kwa mazoea tu.

Februari pia ndipo penye suala ambalo halina mshabiki, nalo ni gharama za kuendesha kilichojengwa. Chumba cha kujifungulia hujengwa kwa fedha za maendeleo na kuzinduliwa kwa ngoma. Muuguzi, dawa, umeme na mafuta ya ambulansi hulipwa kutoka kwenye fungu la matumizi ya kawaida, na kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Diwani anayeomba jengo Juni bila kuwa ameomba muuguzi Februari anaomba kufuli.

Ugomvi ukikosa mahali pa haki pa kupiganiwa, hutafuta njia nyingine. Huko Makueni, mvutano kati ya Gavana Kivutha Kibwana na madiwani kuhusu bajeti ulifikia hatua ya risasi kufyatuliwa kwenye majengo ya bunge la kaunti mjini Wote, Septemba 23, 2014, na watu wakajeruhiwa. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilipendekeza kaunti ivunjwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuivunja. Makueni hiyo hiyo baadaye ilisifika nchini kwa kuanzia mipango ya bajeti vijijini, wakazi wakichagua miradi na kuweka kamati za kuisimamia. Gavana alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni mahali na wakati wa kubishana: mabishano yalishushwa hadi kwa wenye miradi, tena kabla fedha hazijapangwa.

Pesa zilizoandikwa na pesa zilizofika

Hata bajeti nzuri ni karatasi hadi ilipwe. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimekuwa zikionyesha kaunti nyingi zikitenga asilimia 30 kwa maendeleo na kuishia kutumia chini ya hapo. Hazina ya Kitaifa huchelewesha mgao. Makadirio ya ushuru wa ndani hupandishwa juu mno ili hesabu isawazike, kisha ushuru haukusanywi. Fedha zikipungua, mishahara hulipwa kwanza na miradi ya wadi husimama. Madeni ya kaunti zote kwa wanakandarasi na wauzaji yamepita shilingi bilioni 170, na kila deni la mwaka uliopita linakula fungu la mwaka huu kabla diwani hajafungua mdomo.

Kwa hiyo kwa Olenguruone, swali la kanuni gani itumike kugawa lina thamani ya chini ya milioni 4. Mradi mmoja wa barabara ulioandikwa bila kulipwa unaweza kuzidi hapo mara kumi. Diwani anayetaka kuipigania milima hii angedai kila robo mwaka orodha ya miradi ya Kuresoi Kusini iliyotangazwa, iliyoanza, iliyokamilika na iliyolipwa, kisha aibandike kwenye ofisi ya msimamizi wa wadi ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Uchunguzi ndio kazi aliyopewa na Katiba, na kwa hiyo hahitaji idhini ya gavana.

Wakazi nao wana sehemu yao. Vikao vya kukusanya maoni ya umma kuhusu mkakati wa fedha huitishwa mwanzoni mwa mwaka, mara nyingi kwa tangazo la gazeti ambalo halifiki Tinet, na wanaohudhuria ni wachache wanaojulikana. Vyama vya ushirika vya maziwa, wakulima wa viazi na wa chai, waendesha bodaboda na kamati za zahanati wanazo takwimu ambazo hakuna mchumi wa Nakuru anazo: lori ngapi zilikwama msimu uliopita, lita ngapi za maziwa zilimwagwa, mama wangapi walibebwa kwa pikipiki usiku. Takwimu hizo zikifika kwenye kamati ya bajeti Februari, diwani atakuwa na hoja ambayo haiwezi kukatwa kwa asilimia moja. Zikifika Juni, atakuwa na malalamiko tu, na kaunti ina madiwani wengine 54 wenye malalamiko kama hayo.